Bisi za Kitinda

Mtaa mzima ulimwita Pasi, na jina lenyewe halikumuudhi. Alikuwa mwanamke mpiga pasi katika duka la dobi lililo kona ya barabara, na tabia yake ilifuata kazi: kila kilichojikunja alitaka kinyooke, kiwe kola ya shati, kitambaa cha meza au maneno ya mtu. Ukipita pale dukani asubuhi utamkuta katikati ya mvuke, jasho linamtiririka shingoni, mkono mmoja umeshika pasi na mwingine unanyunyiza maji. Wasichana wapya aliwafundisha jambo hilo kabla ya jingine lolote. "Nguo iliyokauka kau haikubali pasi," aliwaambia. "Bila unyevu utasugua mpaka kesho na mikunjo itakutazama tu."

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamemzimika. Hayakuzimika kwa siku moja. Kwanza mama alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akasema taa haina mwanga. Pasi akamwambia ni balbu, imechoka, atabadilisha. Kisha mama akalalamika kuna ukungu dirishani. Pasi akasema ni vumbi, akachukua kitambaa akajitia kufuta. Alijua anadanganya, maana daktari alikwisha kumwambia kila kitu, lakini alijikaza, akaona afadhali balbu ilaumiwe. Mpaka ikafika siku mama alipomimina chai pembeni ya kikombe, akaitua birika polepole, akasema, "Kumbe mlikuwa mnanificha." Tangu hapo hakuuliza tena habari za macho yake.

Kazi yote ya kumtunza ilimwangukia Pasi, na hakuilalamikia hata kidogo. Alimwogesha mama, akampaka mafuta, akamchana nywele. Alimpeleka kliniki amemshika mkono. Wakati wa kula alimwambia mboga iko kulia, nyama iko kushoto, maji yako karibu na kidole gumba. Magauni ya mama aliyapiga pasi kama ya bibi harusi, na mama mwenyewe hakuwa na njia ya kujua ila kwa kuyapapasa. Na kila baada ya tendo, mama alisema maneno yaleyale: "Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Aliyasema vizuri, kwa heshima zote. Nesi wa kliniki naye aliambiwa hivyohivyo, na kondakta wa basi, na mtu yeyote aliyemfungulia mlango.

Basi, yangeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Tatizo lilikuwa Jumapili.

Jumapili ndiyo siku aliyokuja mdogo wake, yule waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ile. Kitinda alikuwa msusi, na kama wasusi wengine alikuwa na mdomo usiochoka na mikono isiyoweza kukaa bure. Alikuja amechelewa, amejitia marashi, mkono mtupu. Hakuuliza dawa za mama zimebaki ngapi wala nani alikesha naye alipokohoa. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Mama, ziko wapi bisi zangu?" Na mama, ambaye tangu Jumatatu alikuwa ametulia kimya kama kabati, aliinuka mwenyewe bila kushikwa, akapapasa ukuta mpaka jikoni.

Kupika bisi kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo aliuanzisha mama mwenyewe walipokuwa wasichana wadogo. Unaweka sufuria jikoni, ileile ya alumini iliyobonyea ubavuni. Unatia mafuta ya kufunika sehemu ya chini. Kisha, kabla ya mahindi mengine, unatia punje tatu za kujaribia moto, na kila punje ina mwenyewe. Ya katikati ni ya mama. Ya upande wa mkono wa sufuria ni ya dada mkubwa. Ya upande wa pili ni ya mdogo. Itakayolipuka kwanza, mwenye nayo ndiye anayepewa konzi ya kwanza, ya motomoto, kabla chumvi haijashuka chini. Utotoni waliwahi kung'oana nywele kwa sababu ya konzi hiyo.

Sasa mama alikuwa haoni, na refa alikuwa Kitinda. "Yako, mama! Imelipuka yako!" alipiga kelele kila Jumapili, hata siku ambazo Pasi aliona kwa macho yake mawili kwamba iliyolipuka ni ya upande wa mkono wa sufuria, yaani yake, haki yake. Angesema nini? Agombanie punje ya hindi na kipofu, tena mama yake? Aliziacha zipite. Lakini aliziweka moyoni, zote.

Baada ya punje tatu Kitinda alimimina mahindi yaliyobaki, na hapo ndipo alipofanya kile kilichomtia Pasi kichaa. Hakufunika. Alikishika kifuniko hewani kama mwavuli, akaziacha bisi za kwanza zirukeruke zitakavyo. Zilipiga ukuta, zikagonga kabati, zikatawanyika kwenye sakafu ambayo Pasi aliideki asubuhi hiyohiyo akiwa amepiga magoti. Mama alikaa kwenye stuli karibu na mlango, gauni amelitandaza mapajani, mikono ameinyosha kudaka asichokiona. Bisi moja ilimpiga kwenye paji la uso, akacheka. Nyingine ikamwingia kifuani, akacheka zaidi. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha kutoa machozi, na wiki nzima hakikusikika ndani ya nyumba ile.

Pasi alisimama nyuma yao na fagio mkononi, roho inamchoma.

Jirani wa mlango wa pili naye hakusaidia. "Huyo mdogo wako ni dawa," alimwambia Pasi walipokutana kwenye kamba ya nguo. "Kicheko cha mama yako nakisikia mpaka kwangu. Jumapili nikikisikia najua Kitinda ameshafika."

"Ndiyo," Pasi alijibu, akibana nguo kwa vibanio kana kwamba anazifunga jela. "Ni dawa kweli. Ananywewa mara moja kwa wiki."

Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa hivihivi. Jumatano moja alipotoka kazini alipitia dukani akanunua mahindi ya bisi yaliyo bora kuliko ya Kitinda. Akatoa sufuria yake nzito, ile yenye kifuniko kinachokaa barabara. Akatia mafuta, akaweka punje tatu, akamimina yaliyobaki, akafunika, akaitikisa sufuria huku na huku kwa vitambaa viwili mpaka mlio ulipokwisha. Zilitoka bisi za kupigiwa picha: nyeupe, zimefura, chumvi imeenea, hakuna hata moja iliyoungua. Na sakafuni, wala chembe. Akamwekea mama kwenye bakuli, bakuli akamwekea mapajani, akakaa kitako kusubiri.

Mama alikula. Alitafuna taratibu, akameza. "Nzuri sana," alisema. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

"Nzuri kama za Kitinda?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

Mama aligeuza uso upande wake, akionekana kushangaa. "Bisi ni bisi, mwanangu."

Pasi alikwenda kuosha sufuria, na aliisugua mpaka ikaomba msamaha. Bisi ni bisi! Sasa kama bisi ni bisi, mbona yule anachekewa na huyu anabarikiwa tu? Alifikiri labda ni aina ya mahindi. Jumatano iliyofuata akatumia ya Kitinda. Akafikiri labda ni sufuria, akatumia ileile iliyobonyea. Akafikiri labda ni mafuta. Alibadilisha kila kitu isipokuwa kifuniko, maana kukiinua kifuniko juu ya sakafu iliyodekiwa ni wazo ambalo halikuweza hata kubisha hodi kichwani mwake. Na kila Jumatano aliambulia baraka.

Ndipo kijicho kilipomfundisha hesabu nyingine. Alikumbuka kwamba mwaka fulani aliwahi kusahau mahindi ya bisi kwenye dirisha linalopigwa na jua, na alipoyapika yalikataa kabisa kulipuka. Yaligeuka rangi tu na kutoa moshi. Wakati ule hakuelewa. Sasa, akiwa amesimama dukani na kopo la maji ya kunyunyizia mkononi, alielewa vizuri mno. Ndani ya punje kuna unyevu, na unyevu huo ndio unaoipasua. Uukaushe, unabaki na kokoto.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, alitoa kabatini kopo ambalo Kitinda aliwekea mahindi yake. Akayamwaga kwenye sinia, akayatandaza uani penye jua kali.

"Yameingia wadudu?" jirani aliuliza.

"Wadudu," Pasi alijibu.

Wiki nzima aliyaanika. Asubuhi aliyatoa, jioni aliyageuza kwa kiganja, akayaingiza ndani kabla ya umande. Mtu angemwona angedhani anamtunza mgonjwa. Na tusimsingizie, hakuona aibu hata kidogo. Dukani aliimba. Wasichana walitazamana kwa sababu hawakuwahi kumsikia akiimba. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kuiona Jumapili: Kitinda anahangaika, moshi umejaa jikoni, na mama anasema, "Basi leo atupikie dada yako." Ni hicho tu alichokitaka. Hakutaka Kitinda aumie. Alitaka ashindwe kidogo, mara moja, mbele ya mama.

Jumapili ikafika. Kitinda akaja na kelele zake na marashi yake. Mama akapapasa ukuta mpaka jikoni, akakaa kwenye stuli, akatandaza gauni mapajani. Pasi alijiegemeza kwenye mlango, mikono kifuani, safari hii bila fagio.

"Natia punje tatu, mama!" Kitinda alitangaza. "Yako, ya dada, yangu. Tega masikio!"

Mama akatega. Aliinamisha kichwa, mdomo umefunguka kidogo, tayari kucheka.

Mafuta yalichemka. Punje tatu zilikaa mahali pake, zikaanza kubadilika rangi. Kitinda aliitikisa sufuria. Akaongeza moto. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Umetia?" mama aliuliza.

"Nimetia, mama. Ngoja kidogo."

Walingoja. Kitinda alizitoa zile punje zilizoungua, akamimina konzi nzima, akainua kifuniko kama mwavuli kwa mazoea. Chini ya mwavuli hakikuruka kitu. Pembeni mwa sufuria punje moja au mbili zilipasuka kwa uvivu, zikatoa ulimi mdogo mweupe, basi. Pasi aliona mgongo wa mdogo wake umekakamaa, na utamu ukamwingia moyoni, utamu hasa. Alijiandaa kusema, kwa sauti ya upole, "Niache nijaribu mimi."

Kisha akamtazama mama.

Mama alikuwa bado ameinyosha mikono. Lakini uso ulikuwa umebadilika. Polepole alirudisha mkono mmoja, akaupeleka sikioni, akalisugua. Akalisugua na lile la pili. Akatega tena. Halafu mikono yote miwili ikashuka mapajani.

"Na masikio nayo," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa, wala hakuwa anamwambia mtu.

"Hapana, mama!" Kitinda aligeuka haraka. "Masikio yako mazima! Ni mahindi haya, hayataki kulipuka!"

"Ni mahindi," mama alirudia. "Na ile ilikuwa balbu."

"Mama, si unanisikia ninavyosema?"

"Maneno nayasikia. Hata macho yalianza hivihivi. Watu nilikuwa nawaona wote, ni uzi wa sindano tu uliopotea. Vidogo ndivyo vinavyotangulia." Alianza kulikunja gauni alilolitandaza, kona kwa kona, kama mtu anayefunga meza ya biashara. "Msinifiche, wanangu. Nimebaki na masikio tu. Yakienda, mtu akinishika mkono nitamjuaje kama ni nyinyi?"

Kitinda aliapa. Alimletea sufuria aipapase kwa kijiko. Alimtia punje iliyoungua kiganjani. Mama alitikisa kichwa kwa adabu, kwa ule upole wake wa kusema asante, na ilionekana wazi kwamba haamini hata neno. Angeamini vipi? Nyumba hii ilikwisha kumwambia vumbi, ikafuta na dirisha kabisa. Aliyeshika kitambaa siku ile alikuwa amesimama pale mlangoni, utamu wote umemgeukia shubiri mdomoni.

Pasi aliona kwamba neno zuri halitasaidia. Mazuri yalikwisha kutumika yote kwenye macho. Lililobaki lilikuwa neno baya, lile ambalo mtu halisemi kwa kumbembeleza mwenzake. Akapiga moyo konde.

"Mama, nimeyaharibu mimi," alisema.

Kitinda akageuka. Mama naye akageuza uso.

"Nimeyaanika juani. Wiki nzima. Nilikuwa nayatoa asubuhi nayaingiza jioni, nikamwambia jirani yana wadudu. Hayakuwa na wadudu. Nilitaka yakauke yasilipuke."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Mwanamke mzima, mwenye wasichana wanaomwogopa kazini, alisimama jikoni kwake akitazama vidole vya miguu. "Kwa sababu akipika yeye unacheka," alisema. "Nikipika mimi unaniambia Mungu akubariki."

Kitinda alikuwa ameshika kifuniko kifuani, macho yamemtoka. Pasi alisubiri kukemewa, na hata kupigwa angekubali.

Kwanza mabega ya mama yalitikisika. Kisha ikatoka sauti puani. Halafu kikaja chenyewe, kicheko cha tumboni, cha kutoa machozi, kikubwa kuliko cha Jumapili yoyote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka mpaka jirani wa mlango wa pili akafungua dirisha. "Wiki nzima!" alisema alipopata pumzi. "Asubuhi unatoa, jioni unaingiza! Wewe! Siku niliyomleta huyu amefungwa kwenye shuka, ulimtazama, ukaniambia nimrudishe nilikomtoa. Nikakwambia harudishwi. Ukalala chini ya kitanda mpaka baba yako akakutoa kwa kuvuta mguu!"

"Sikumbuki," Pasi alisema.

"Mimi nakumbuka," mama alisema, akaanza kucheka upya.

Pasi alijikuta naye anatabasamu, huku amekasirika. Kicheko alichokitamani muda wote ule sasa alikuwa nacho, chake mwenyewe, na alikuwa amekipata kwa kuwa kichekesho. Aliona si haki. Lakini asingekirudisha kwa yeyote, na hasa si kwa Kitinda, ambaye sasa alikuwa ameketi sakafuni anacheka mpaka anapiga vigae kwa kiganja.

Wakamtuma Kitinda dukani kuleta mahindi mapya, iwe adhabu ya kucheka sana. Aliporudi alinyosha mkono achukue sufuria, lakini mama akamzuia. "Aliyeharibu ndiye atakayepika," alisema, akalitandaza tena gauni mapajani.

Pasi akatia mafuta. Akatia punje tatu, ya mama katikati, yake upande wa mkono wa sufuria, ya mdogo wake upande wa pili. Akachukua kifuniko, na kwa mazoea mkono ukaenda moja kwa moja kufunika.

"Kifuniko kiko wapi?" mama aliuliza.

Aliitazama sakafu yake inayong'aa. Akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi, akakiinua kifuniko juu.

Paa! Punje ya kwanza iliruka, ikapita juu ya ukingo wa sufuria, ikaangukia mguuni pake. Mama akapiga kofi kwa furaha. "Nimeisikia! Hiyo nimeisikia! Ya nani?"

Pasi alichungulia. Ya mama ilikuwa bado imekaa katikati. Yake nayo ilikuwa palepale ubavuni mwa mkono wa sufuria, imetulia, haina haraka na maisha. Iliyokosekana ilikuwa ya upande wa pili. Kitinda alikwisha kuona, na alikuwa anafungua mdomo. Pasi aliinama upesi kuliko alivyowahi kuinama na fagio, akaiokota, akaitia kinywani ikiwa bado ya moto.

"Yangu," alisema.

"Muongo! Mama, ni yangu! Dada ameila ya kwangu!"

"Tulia wewe," mama alisema, ameinyosha mikono, uso umemjaa kicheko. "Nasikia anavyoitafuna."